Tallinn au Riga: Ulinganisho kwa Msafiri Mwenye Nafasi ya Mji Mmoja

Wengi wanaobahatika kupata viza ya Schengen huimalizia Paris, Amsterdam au Roma, na hakuna wa kuwalaumu. Hata hivyo viza hiyo hiyo humfikisha mtu hadi Bahari ya Baltiki, ambako Estonia na Latvia, nchi mbili ndogo zinazopakana, kila moja ina mji mkuu wa bandari ambao sehemu yake kongwe iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka uleule wa 1997. Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ina wakazi wapatao 450,000 katika nchi yenye watu wasiotimia milioni moja na nusu. Riga, mji mkuu wa Latvia, ina wakazi wapatao 600,000 katika nchi yenye watu wasiofika milioni mbili. Kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kilomita 300 na kidogo, mwendo wa saa nne na nusu hivi kwa basi, na kwa mtu anayeiona kwenye picha tu inafanana mno: minara ya makanisa, vichochoro vya mawe, vigae vyekundu. Ndiyo maana msafiri mwenye nafasi ya mji mmoja huishia kuchagua kwa kurusha shilingi, au kwa kuangalia ni tiketi ipi ya ndege iliyo nafuu.

Mimi naona tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, na msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa upande gani: mwenye siku mbili aende Tallinn, mwenye siku nne au zaidi aende Riga. Sababu haiko katika uzuri, kwa kuwa yote ni mizuri. Iko katika jambo moja lililotokea karne ya 19, pale mji mmoja ulipozibomoa kuta zake na mwingine ukabaki nazo.

Kuta zilizobaki na kuta zilizovunjwa

Mwanzo wa miji hii ni wa ndugu wawili. Riga ilianzishwa mwaka 1201 na Askofu Albert, aliyetoka kaskazini mwa Ujerumani pamoja na wafanyabiashara na mashujaa wa vita vya msalaba. Mwaka 1219 mfalme Valdemar II wa Denmark aliiteka ngome ya Waestonia iliyokuwa juu ya kilima cha Toompea, na jina Tallinn lenyewe kwa kawaida huelezwa kuwa limetokana na maneno yenye maana ya ngome au mji wa Wadenmark, ingawa Wajerumani waliotawala biashara yake waliuita Reval kwa karne nyingi. Miji yote miwili iliingia katika Hansa, ule umoja wa miji ya wafanyabiashara wa Bahari ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini, katika miaka ya 1280, na yote ilitajirika kwa kusimama katikati ya magharibi iliyokuwa na chumvi na nguo, na mashariki iliyokuwa na manyoya, nta na nafaka. Yote baadaye ilitawaliwa na Uswidi, na yote iliangukia mikononi mwa Urusi ya Petro Mkuu mwaka 1710, mwaka ambao tauni iliua watu wengi kuliko mizinga.

Hapo ndipo njia zao zilipoanza kuachana. Tallinn ilitoka katika vita na tauni ikiwa na watu wachache na biashara iliyosinyaa, na kwa muda mrefu haikuwa na fedha za kujenga upya wala sababu ya kubomoa. Riga ilikuwa mdomoni mwa mto Daugava, ambao uliishushia mbao, kitani na katani kutoka ndani kabisa mwa milki ya Urusi, na kadiri biashara ilivyokua, maboma ya mji yakawa kero. Yalianza kubomolewa mwaka 1857, handaki lililokuwa limeyazunguka likageuzwa mfereji wenye bustani pande zote mbili, na nje yake ikachorwa mitaa mipana iliyonyooka. Kufikia mwaka 1913 Riga ilikuwa na watu karibu nusu milioni, na wenye fedha walikuwa wakishindana kujenga nyumba za ghorofa kwa mtindo uliokuwa wa kisasa wakati huo.

Kwa hiyo anayekwenda Tallinn anakwenda kuona karne ya 15, na anayekwenda Riga anakwenda kuona zaidi mwaka 1905. Hili likieleweka, mengine yote yanajipanga yenyewe.

Tallinn kwa karibu

Karibu kilomita mbili za ukuta wa Tallinn bado zimesimama, pamoja na minara zaidi ya ishirini. Anayeingia kwa Lango la Viru anafika baada ya dakika chache katika uwanja wa Raekoja plats, mbele ya ukumbi wa mji uliokamilika mwaka 1404. Juu ya mnara wake mwembamba kuna sanamu ya askari mwenye bendera, Vana Toomas, yaani Mzee Toomas, ambayo ya kwanza iliwekwa mwaka 1530 ili kuonyesha upepo unakovuma. Upande wa pili wa uwanja lipo duka la dawa, Raeapteek, linalotajwa katika kumbukumbu za mji za mwaka 1422 na ambalo halijahama tangu hapo. Kwenye kabati zake za maonyesho kuna dawa za zamani, ukiwemo unga wa nyuki waliochomwa, na hatua chache kutoka hapo mwenye kuumwa kichwa ananunua tembe zake za kawaida na kupewa risiti.

Juu ya mji wa chini uliokuwa wa wafanyabiashara kuna kilima cha Toompea, kilichokuwa cha maaskofu na mabwana wa ardhi, na ambacho leo ni makao ya bunge. Sehemu hizo mbili zilikuwa na sheria mbali mbali na hazikupendana, hata kukawa na lango la kuzitenganisha usiku. Njia mbili huziunganisha: Pikk jalg, yaani Mguu Mrefu, ambayo ni barabara ya kupanda taratibu, na Lühike jalg, Mguu Mfupi, ambayo ni ngazi za mkato. Waestonia wenyewe hutania kwamba mji wao unachechemea. Anayefika juu asikimbilie Kanisa Kuu la Alexander Nevsky peke yake, lile lenye kuba nyeusi lililokamilika mwaka 1900 kwa ajili ya kuonyesha nguvu za Urusi. Azunguke hadi kwenye kibaraza cha Patkuli, ambako vigae vyekundu, minara ya ukuta na mnara wa kanisa la Oleviste wenye mita 124 vinaonekana kwa pamoja, na bahari nyuma yake ikiwa na meli zinazotoka au kwenda Helsinki. Sijui mji mwingine wa ukanda huo unaojieleza wote kwa mtazamo mmoja namna hiyo.

Lakini hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mji mkongwe wa Tallinn unamalizika. Mtu mwenye miguu mizuri atakuwa ameupita wote kufikia adhuhuri ya siku ya pili, na majira ya joto, meli za kitalii zinapotia nanga, vichochoro hujaa makundi yanayofuata bendera ndogo za waongozaji, huku wahudumu waliovalishwa kanzu za karne za kati wakiita wateja milangoni mwa mikahawa. Si vibaya kwa watoto. Mtu mzima ajihimu kabla ya saa tatu asubuhi, au arudi baada ya saa moja jioni, wakati meli zimekwisha kuwaita abiria wake.

Nje ya kuta kuna Tallinn nyingine, nayo ndiyo inayoweza kumbakiza mtu siku ya tatu. Kalamaja, mtaa wa nyumba za mbao nyuma ya kituo cha treni, ulikuwa wa wavuvi na wafanyakazi wa viwanda. Karibu yake, karakana za zamani za Telliskivi zimekuwa maduka, mikahawa na kumbi za maonyesho. Upande wa mashariki kuna Kadriorg, bustani na jumba ambalo Petro Mkuu alianza kumjengea mkewe Catherine mwaka 1718, na jirani yake ni Kumu, makumbusho ya sanaa yaliyofunguliwa mwaka 2006. Kama ningeruhusiwa kuchagua makumbusho moja tu Tallinn, ningechagua Lennusadam, mabanda ya ndege za majini yaliyojengwa kwa zege kabla mapinduzi ya Urusi hayajatokea. Kuba zake tatu kubwa hazina hata nguzo moja katikati, na chini yake imewekwa Lembit, nyambizi iliyoundwa Uingereza mwaka 1936 kwa ajili ya jeshi la Estonia. Mgeni anaruhusiwa kuingia ndani yake, akainama, akapita kati ya vitanda na mitambo ya kurushia makombora, na kujiuliza mabaharia walilalaje humo.

Riga, mji wa kuinua macho

Riga nayo ina mji mkongwe, tena wenye vitu vizito. Kanisa kuu lake, ambalo wenyeji huliita Doms, lilianza kujengwa mwaka 1211, na kinanda chake cha mwaka 1884, chenye mabomba 6,718, kilikuwa kikubwa kuliko vyote duniani kilipokamilika. Mara kwa mara kuna matamasha mafupi ambayo hata mtu asiyejua lolote kuhusu muziki wa aina hiyo anaweza kukaa akasikia mabenchi yakitetemeka. Lakini vita vya mwaka 1941 viliteketeza sehemu ya katikati, na baadhi ya yanayoonekana leo ni kazi ya kurudishia. Mnara wa kanisa la Mtakatifu Petro, wenye mita 123, uliungua mwaka huo na kujengwa upya kwa chuma. Faida yake ni kwamba kuna lifti inayopandisha watu hadi mita 72, ilhali kwenye mnara wa Oleviste kule Tallinn lazima kupanda ngazi za mawe zaidi ya mia mbili, tena nyembamba.

Fahari halisi ya Riga iko nje ya mji mkongwe, katika mitaa iliyozaliwa baada ya kuta kuvunjwa. Karibu theluthi moja ya majengo ya katikati ya mji, zaidi ya 800, ni ya mtindo wa ujenzi wenye mapambo mengi uitwao Art Nouveau, ambao Walatvia, kwa kuwafuata Wajerumani, huuita jūgendstils. Mtaa unaotajwa kuliko yote ni Alberta iela, na mjenzi wake mashuhuri ni Mikhail Eisenstein, baba wa Sergei Eisenstein, mtengeneza filamu. Nyumba zake zimejaa nyuso za wanawake wanaopiga mayowe, simba, tausi, barakoa na mashujaa wenye ngao. Simama mbele ya nyumba namba 2a utazame juu kabisa: madirisha ya safu ya mwisho yanaonyesha mbingu, kwa sababu nyuma yake hakuna chumba. Eisenstein aliinua ukuta wa mbele kuliko paa lenyewe, ili nyumba ionekane ndefu. Mtaani kwetu tungesema ni ushamba wa mwenye fedha mpya. Kwenye Alberta iela inapendeza. Namba 12, kwenye nyumba alimoishi mjenzi mwingine, Konstantīns Pēkšēns, kuna makumbusho ya fleti ya zama hizo pamoja na ngazi zinazojizungusha kama kombe la konokono, zilizopakwa rangi kutoka chini hadi juu.

Hapa ndipo ushauri wa siku nne unapotoka. Kuiona Riga kunadai kutembea polepole katika mitaa ambayo watu wanaishi, wanaegesha magari na kwenda kwa daktari wa meno, na mtu mwenye haraka hataona kitu, kwa kuwa kila kizuri kiko ghorofa ya tatu kwenda juu.

Vichwa vyeusi

Kuna jambo moja linaloonyesha tofauti ya miji hii kuliko maelezo yoyote, na linamhusu msafiri wa Kiafrika kwa namna ya pekee. Katika miji yote miwili kulikuwa na chama cha wafanyabiashara vijana ambao hawajaoa, kilichoitwa Udugu wa Vichwa Vyeusi. Mlezi wao alikuwa Mtakatifu Mauritius, ambaye mapokeo ya Kikristo yanamtaja kuwa kamanda wa kikosi cha Kirumi kilichotoka Thebes nchini Misri, na ambaye Wajerumani wa kaskazini walizoea kumchora kama mtu mweusi. Kichwa chake kikawa nembo ya chama.

Tallinn, katika mtaa wa Pikk namba 26, mlango wa nyumba yao bado upo: mlango wa mbao wa karne ya 17, uliochongwa na kupakwa kijani, nyekundu na dhahabu, na juu yake uso wa Mauritius. Umesimama pale wakati tawala za Uswidi, Urusi, Ujerumani na Kisovieti zinakuja na kuondoka. Riga, jumba lao lilikuwa kubwa na la kujionyesha zaidi, lakini liliharibiwa mwaka 1941, na mwaka 1948 utawala wa Kisovieti ukaondoa magofu yake. Hilo linalopigwa picha leo na kila mgeni, lenye sanamu, saa na madoido, lilijengwa upya kuanzia mwaka 1995 hadi 1999. Wapo wanaolidharau kwa kuwa ni jipya. Mimi silidharau, kwa sababu watu waliokuwa wamepata uhuru miaka minne tu nyuma, na mishahara ikiwa midogo, waliona kurudisha jumba hilo ni jambo lisilosubiri. Lakini anayetaka kugusa kitu ambacho mikono ya kale ilikigusa, mlango wa Tallinn ndio wa kuufuata.

Chakula, na soko lisilo na mpinzani

Jikoni miji hii ni majirani: mkate mweusi mzito wenye uchachu, samaki wa kukaushwa kwa moshi, viazi, maziwa mtindi, uyoga, matunda madogo ya porini na nyama ya nguruwe kwa wingi. Mwislamu aelewe mapema kwamba vyakula vya jadi vya nchi zote mbili vinaegemea nguruwe, zikiwemo hata mbaazi za kijivu za Latvia, ambazo hupikwa na vipande vya mafuta yake. Samaki ndio kimbilio, na bahati nzuri samaki ndio wenyeji wanaojivunia. Tallinn, agiza kiluvõileib: kipande cha mkate mweusi, siagi, dagaa wa Baltiki waliolazwa kwenye chumvi na viungo, yai la kuchemsha, na kitunguu cha majani juu. Ni chakula cha euro chache, na mtu aliyekulia pwani atakielewa kwa tonge la kwanza.

Kwenye masoko, hata hivyo, hakuna mashindano. Soko la Balti jaam la Tallinn, lililokarabatiwa mwaka 2017, ni safi, limepangwa vizuri, na nusu yake ni vibanda vya chakula cha kisasa. Soko Kuu la Riga, lililofunguliwa mwaka 1930, lina mabanda matano makubwa mno ambayo vyuma vya mapaa yake vilitoka kwenye mabanda ya kuhifadhia meli za angani za Zeppelin, ambayo jeshi la Ujerumani liliyaacha Latvia baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Sasa chini ya mapaa hayo kuna banda la nyama, la maziwa, la mboga, la samaki. Katika banda la samaki harufu ya moshi inakupokea mlangoni. Mikunga imepangwa kama kamba, dagaa wamelala kwenye trei wakiwa na rangi ya dhahabu, na kuna nēģi, kiumbe wa mtoni mwenye umbo la nyoka na mdomo wa duara usio na taya, ambaye Walatvia humkaanga na kumgandisha ndani ya mchuzi wake. Bibi wenye skafu huuza kabichi chachu kutoka kwenye mapipa, na ukisimama sana mbele ya pipa unapewa ya kuonja kwenye karatasi. Hakuna anayekuimbia wala kukuvalia kanzu za zamani. Ni soko la watu wa Riga, na mgeni anapita humo kama mgeni.

Bahari, na mahali pa kupumua

Ajabu moja: mji wa Tallinn ndio uliokaa ufukweni hasa, lakini Riga, ambayo iko mtoni, ndiyo yenye ufukwe unaostahili safari. Kutoka Tallinn bahari ni ya meli: Helsinki iko kilomita 80 ng'ambo, saa mbili hivi kwa meli kubwa, na hilo ni jambo la kutiwa kwenye mizani, kwa kuwa anayefikia Tallinn anaweza kuongeza Ufini kwa tiketi ya bei ndogo bila viza nyingine. Kutoka Riga, treni ya nusu saa inakufikisha Jūrmala, mji wa mapumziko wenye fukwe ndefu za mchanga mweupe, misonobari, na nyumba za mbao zilizonakshiwa ambako watu wa mjini wamekuwa wakikimbilia tangu karne ya 19. Maji ni baridi hata Julai, na kina chake ni kifupi mno: mtu hutembea mbali kabla hayajafika kifuani. Kwa familia yenye watoto wadogo, Riga pamoja na Jūrmala ni chaguo lisilohitaji mjadala.

Kumbukumbu za utawala wa Kisovieti ziko kote. Tallinn, ghorofa ya 23 ya hoteli ya Viru, iliyofunguliwa mwaka 1972, haikuhesabiwa rasmi kuwapo. Humo ndimo KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, walimoweka mitambo yao, na leo ni makumbusho yanayosimuliwa kwa ucheshi mchungu. Riga haina ucheshi katika hili. Nyumba ya Pembeni, katika mtaa wa Brīvības namba 61, ilikuwa makao ya KGB yenye mahabusu chini, na anayeitembelea hutoka kimya. Kwenye msitu wa Rumbula, pembezoni mwa mji, Wanazi na washirika wao waliua Wayahudi wapatao 25,000 kwa siku mbili tu za Novemba na Desemba 1941. Hayo si ya kuyapima kwa mizani ya utalii, lakini anayechagua Riga ajue kwamba mji umebeba na hayo.

Majira, fedha na karatasi

Juni ni mwezi mzuri kwa mji wowote kati ya hii miwili. Jua huchwea Tallinn saa nne na dakika arobaini usiku na kuchomoza saa kumi alfajiri, na Riga tofauti ni ya dakika ishirini au thelathini tu. Anayeswali ajipange, kwa kuwa magharibi na alfajiri zinakaribiana mno. Desemba mambo hugeuka: jua la Tallinn huchomoza saa tatu na robo asubuhi na kuzama saa tisa na dakika ishirini alasiri, na siku nyingine halionekani kabisa kwa mawingu. Anayekwenda wakati huo huenda kwa ajili ya masoko ya Krismasi, na hapo miji hii ina ugomvi wa kale usiokwisha, kila mmoja ukidai ndio wa kwanza kusimamisha mti uwanjani: Tallinn hutaja mwaka 1441, Riga hutaja 1510, na kote wanaodaiwa kuusimamisha ni walewale Vichwa Vyeusi. Kwa theluji juu ya vigae na uwanja uliofungwa pande zote, wakati wa baridi nampa Tallinn ushindi bila kusita.

Kwa gharama, Riga kwa jumla ni nafuu, hasa malazi na chakula. Nchi zote mbili zinatumia euro, Estonia tangu 2011 na Latvia tangu 2014. Tallinn imesifika kwa usafiri wa bure, lakini bure hiyo, iliyoanza mwaka 2013, ni ya wakazi waliosajiliwa, mgeni analipa. Uwanja wake wa ndege uko kilomita nne tu kutoka katikati, na tramu inafika mlangoni. Wa Riga uko umbali wa kilomita kumi hivi, kuna basi namba 22, na ndio wenye safari nyingi kuliko vyote vya nchi za Baltiki. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda mji wowote kati ya hii. Istanbul ndiyo njia panda ya kawaida kwa yote miwili.

Lugha isimtishe mtu. Kiestonia ni jamaa wa Kifini na hakina jinsia ya kike na kiume, jambo ambalo Mswahili atalipenda, ingawa kina hali kumi na nne za nomino. Kilatvia ni cha ukoo mwingine kabisa, wa Kilithuania. Kirusi kinasikika sana katika miji yote, Riga zaidi, na vijana karibu wote wanajua Kiingereza.

Kuhusu viza, maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama siku ni sawa, kwa nchi utakayoingia kwanza. Kwa hiyo uamuzi wa mji gani upewe siku ngapi unapaswa kufanywa kabla ya kujaza fomu, wala si baada ya kutua. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue kinga ya euro 30,000. Onyo moja kwa wanaovutiwa na ukaazi wa kidijitali wa Estonia, mpango ulioanza mwaka 2014: kadi yake humwezesha mtu kufungua na kuendesha kampuni kwa intaneti, lakini si viza na haimpitishi mtu mpakani.

Kama siku ni sita

Mwenye siku sita hahitaji kuchagua. Aanze Riga siku nne, kisha apande basi kwenda Tallinn, ili safari imalizikie mahali penye meli ya Helsinki. Basi hupita njia ya pwani kupitia Pärnu, barabara tambarare yenye misonobari pande zote, na wengi hulala. Ila ipo njia nyingine, ya bara. Jioni ya tarehe 23 Agosti 1989, watu wapatao milioni mbili walishikana mikono kutoka mnara wa Pikk Hermann, juu ya kilima cha Toompea, wakapita Riga hadi Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, kilomita zaidi ya 600, wakidai uhuru wao kutoka Muungano wa Kisovieti. Mnyororo huo haukufuata pwani. Kaskazini mwa Riga ulipita Sigulda na Cēsis, miji midogo yenye magofu ya ngome na bonde la mto Gauja, na Sigulda ni saa moja na kidogo tu kwa treni kutoka Riga, kwenda na kurudi siku moja.